Nuru ya Buluu Kinywani

Kinywa ni mahali panapofunuka kwa kutamka neno moja tu, wala hapahitaji kisu ili paonekane. Na pamoja na hayo saratani ya kinywa, ambayo mwaka 2020 ilikadiriwa kuwapata watu zaidi ya 377,000 duniani, aghalabu hugunduliwa imekwisha kupenya ndani. Sababu ni kwamba maradhi haya huanza bila maumivu: doa jeupe lisilofutika, au wekundu laini kama mahameli, ambao ni wa kuhofiwa kuliko huo weupe, na mwenyewe hudhani kuwa ni jino lililomkwaruza.

Kwa ajili hiyo wataalamu wa British Columbia, huko Kanada, walishiriki kuunda taa ya mkononi iitwayo VELscope, itoayo nuru ya buluu. Zimo katika nyama ya kinywa, na hasa katika nyuzi za kolajeni zilizo chini ya utando, dutu ambazo zikipigwa na nuru hiyo huimeza, kisha huirudisha ikiwa ya kijani. Hii ndiyo tabia ambayo George Stokes, mwanachuoni wa Cambridge, aliipa jina la fluoresensi mwaka 1852. Chembe zinapoanza kuharibika, nyuzi hizo hukatika na damu huzidi mahali pale ikaifyonza nuru, hata kijani kikafifia.

Basi tabibu hupunguza mwanga wa chumba, humvika mgonjwa miwani ya kumkinga macho, huushika ulimi kwa kipande cha shashi na kuuvuta pembeni, kisha hutazama kupitia kichungi cha taa. Palipo salama hung'aa kijani kibichi. Palipo na shaka huwa peusi kama kivuli. Hapo hubonyeza taratibu: weusi ukitoweka, huenda ni uvimbe wa kawaida uliojaa damu, ukibaki, huandika mahali pake na kumwita mgonjwa tena baada ya majuma mawili.

Lakini taa si kadhi. Kidonda cha kuumwa na jino huweza kuonekana cheusi, na doa la hatari huweza kung'aa. Hukumu ya mwisho ni ya kipande cha nyama kilichokatwa na kutazamwa kwa darubini. Tena jicho lenye elimu halijapitwa na wakati: huko Kerala, India, katika utafiti ulioanza mwaka 1996, wahudumu wa afya waliozunguka nyumba kwa nyumba wakitazama vinywa kwa mwanga wa kawaida walipunguza kwa takriban thuluthi moja vifo vya saratani hiyo miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe.

Habari hii inatuhusu sisi wa pwani, ambao kwetu uraibu wa tambuu umekuwa heshima ya wageni tangu enzi za mababu. Popoo itafunwayo katika tambuu, hata isipochanganywa na tumbaku, imethibitishwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Basi ewe msomaji, usiingoje taa ya buluu: simama mbele ya kioo, inua ulimi, tazama pande zake na ndani ya mashavu, na ukiona doa au kidonda kisichopona kwa majuma mawili, nenda kwa tabibu, hata kama hakiumi.