MZEE WA JANGWANI NA WINGU LA ATOMIKI

Kila askari hufundishwa kwamba kabla ya kufyatua risasi hana budi kutazama ni nani aliye mbele yake, na ni nani aliye nyuma ya shabaha. Sharti hilo ndilo tulilolikumbuka tulipoitafakari kazi ya sanaa iitwayo Collisions, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016.

Mwenye kisa ni Mzee Nyarri Nyarri Morgan wa kabila la Wamartu, wenyeji wa asili wa jangwa la Australia ya Magharibi. Katika ujana wake alikuwa hajapata kuujua ulimwengu wa Wazungu. Jambo la kwanza aliloliona kutoka kwao lilikuwa wingu la bomu la atomiki. Mwaka 1956 na 1957 Waingereza walilipua mabomu makubwa saba huko Maralinga, kusini mwa nchi hiyo.

Yeye na wenziwe walidhani ni miungu yao inayoinuka. Kangaruu walipoanguka, waliwala wakiamini kuwa ni zawadi, watu wakaugua.

Mtengenezaji wa kazi hiyo, Lynette Wallworth, hakutumia filamu ya kawaida. Mtazamaji huvaa miwani izibayo macho kabisa, na kila ageukapo huliona jangwa limemzunguka, naye mzee yu mbele yake. Mwaka 2017 kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya Emmy.

Waliofyatua hawakumwona kijana yule. Leo yeye ndiye atutazamaye. Silaha haina macho. Macho ni ya aishikaye, naye ndiye atakayeulizwa.