Antrenere Mugeni: Lamine N'Diaye Kwetu Lubumbashi



Wengi kati yetu, zaidi wadogo wa masomo ya chini, banasemaka: "Miye nitacheza mupira Bulaya, mathématiques ya nini?" Sitabishana nao leo. Nataka tu kueleza kitu kimoja chenye hatukiongeleaki sana. Muchezaji akifika miaka 33 ao 35, miguu inaanza kukataa. Kisha pale anafanya nini? Wamoja wanarudi nyumbani kukaa. Wengine wanajifunza kazi ya antrenere, ile ndugu zetu wa Tanzania wanaita kocha, na mara mingi kazi ile inawapeleka mu inchi ya wengine. Mufano wenye uko karibu na siye ni Lamine N'Diaye, Musenegali, mwenye alikuja kufundisha Mazembe mu 2010. (Wenzangu wa Lupopo, munisamehe. Hata ninyi mulipiga vigelegele mwaka ule, tunajua.)

Alizaliwa mu 1956 kule Thiès, muji wa njia ya treni kama wetu. Alicheza mupira wa kulipwa Ufaransa, kati ya ekipe zake kulikuwa Cannes na Mulhouse, na alivaa jezi ya inchi yake. Alipoacha kucheza akashika kazi ya kufundisha, na akafika mpaka Cameroun, kwa Coton Sport ya Garoua.

Mu Januari 2008 alikuwa musaidizi wa Mupolandi Henryk Kasperczak mu Kombe ya Afrika kule Ghana. Katikati ya mashindano Kasperczak akaacha kazi, na Lamine akabakia na ekipe mu mikono. Mu Oktoba mwaka ule ule, Senegal na Gambia wakafanya 1-1 pale Dakar. Njia ya kwenda Kombe ya Dunia 2010 ikafungwa, watu wakafanya fujo kubwa, na Lamine akafukuzwa. Fikirini vizuri: alianguka kwao, mbele ya watu wenye kujua baba yake na mama yake. Ile neno Bwana Yesu aliwaambia watu wa Nazareti juu ya nabii, njo hii. Miaka miwili kisha, kwa wageni, jina lake likapanda juu kuliko siku zote.

Sasa tuone nini alikuta hapa. Mazembe ilikuwa imechukua Kombe ya Afrika ya 2009 na antrenere mwingine mugeni, Diego Garzitto. Lamine alikuja katikati ya mwaka 2010, safari ikiwa tayari mu njia. Hakuchagua wachezaji, aliwakuta. Zaidi ya ile, alikosa mutu mukubwa. Mu Mei 2010 kule Kigali, mu kombe ya CECAFA, Trésor Mputu na Guy Lusadisu walimurukia mwamuzi, na FIFA ikawafungia wote wawili, Mputu mwaka muzima. Kila mutu hapa muji alijua kwamba Mazembe ilikuwa ikimutafuta Mputu kwanza, kisha goli. Mupishi anaingia mu jikoni ya watu, anaambiwa wageni wanafika saa sita, na chumvi imekwisha.

Alifanya namna gani? Aliacha kutafuta Mputu mwingine. Kazi yenye mutu mumoja alikuwa akifanya, akaigawanya kwa wengi: Kabangu, Kaluyituka, Bedi, Musambia Singuluma. Nyuma alikuwa na Kidiaba mu goli, ule mwenye kurukaruka na matako kama chura (wadogo wote wa Kenya wanajua kumuiga, hata wale hawakuzaliwa bado). Tarehe 31 Oktoba 2010, mu kiwanja cha hapa kwetu Kenya, kile cha Kibassa Maliba, Mazembe ikapiga Espérance ya Tunis 5-0. Kule Radès ikawa 1-1, na kombe ikarudi tena Lubumbashi.

Kisha Abu Dhabi, mu Desemba, Kombe ya Dunia ya ekipe. Mwaka wa nyuma, Mputu akiwa ndani, Mazembe ilipigwa mechi zote mbili: Pohang ya Korea 2-1, Auckland 3-2. Mu 2010, bila Mputu, ikapiga Pachuca ya Mexico 1-0, goli ya Bedi. Ikapiga Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu na Kaluyituka. Ilikuwa mara ya kwanza ekipe yenye haitoke Bulaya wala Amerika ya Kusini kufika mu finali ile. Sisemi kwamba Mputu hakuwa na mana. Nasema antrenere anaonekana siku chumvi imekwisha.

Finali, tarehe 18 Desemba, Inter ya Milano ilitupiga 3-0: Pandev, Eto'o, Biabiany. Antrenere wa Inter, Rafael Benítez, alikuwa pia mugeni, Muspanyoli mu Italia, naye alicheza mupira mbele ya kufundisha. Basi, siku tano kisha ya kuinua kombe ya dunia, Benítez akaachana na Inter. Mwenye kushinda akapoteza kazi, mwenye kushindwa akarudi Lubumbashi na watu wakamupokea na ngoma. Kazi hii haina hesabu ya kawaida.

Na hapa njo kuna kitu chenye nataka tuangalie bila kujidanganya. Mugeni akishinda, tunasema "antrenere wetu". Akipigwa mara mbili, anarudia kuwa "ule mugeni". Wazee wanakumbuka Blagoje Vidinić. Alikuwa mulinzi wa goli wa Yugoslavia, akapata medali ya zahabu kule Roma mu 1960. Alipeleka Maroko mu Kombe ya Dunia 1970, kisha akatupatia siye Kombe ya Afrika mu Machi 1974. Miezi mitatu kisha, kule Ujerumani, Zaïre ikakutana na Yugoslavia, inchi yake mwenyewe. Ilikuwa tayari 3-0 Vidinić alipomutosha Kazadi, mulinzi wa goli wetu wa Lubumbashi, ata nusu saa haikwisha, akaingiza Tubilandu. Ikaisha 9-0. Watu wakaanza kumushuku: aliuza ekipe kwa ndugu zake! Lakini wachezaji wenyewe walieleza kisha kwamba pesa yao haikuwafikia na kwamba walitaka kukataa kucheza. Ile maelezo haikuenda mbio kama ile ya usaliti. Kwa mawazo yangu, kama antrenere angekuwa mwana wa Kamalondo, tungesema tu: alikosea kubadilisha.

Tena kuna jambo la makaratasi. Siku hizi kukaa kwenye benchi mu mashindano ya CAF, antrenere anaombwa leseni A. Leseni ile inapatikana kwa masomo: anatomia, namna ya kupanga mazoezi ya juma nzima, namna ya kuongea na watu, na mutihani wa kuandika. Mutu mwenye alitupa kaye yake masomo ya pili, atafanya namna gani pale? Na lugha pia. Mu chumba cha Mazembe kulikuwa Wakongomani na Wazambia, na Lamine mwenyewe ni mwana wa Kiwolof. Kati ya vipindi viwili kuna dakika 15 tu, na mu dakika zile kila mutu inafaa asikie.

Lamine alikaa hapa mpaka karibu 2013. Kisha akazunguka: Dolisie kule Congo ya ngambo, Conakry, Omdurman. Na akarudi kwetu. Mu Aprili 2024 alikuwa tena kwenye benchi ya Mazembe, nusu-finali ya Afrika na Al Ahly. Kamalondo ikawa 0-0, Cairo tukapigwa 3-0. Alikuwa na miaka 67. Pale Kamalondo, jina lake, hakuna mutu mwenye aliuliza ni la inchi gani.