Hofu ya Uchaguzi na Ndoto za Kuhamia Ng'ambo

Je, msomaji, uchaguzi ukikaribia wewe hukosa usingizi, moyo ukadunda na tumbo likasokota? Huo si ulegevu. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini katika damu ili upigane au ukimbie. Waliofurushwa makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati watu zaidi ya 1,100 walipouawa, wana sababu ya kuogopa zaidi: mwili haukusahau.

Ndoto za mchana za kuhamia Kanada au Australia hutokana na hofu iyo hiyo. Akili inatafuta mlango wa kutokea. Kuwaza hakudhuru. Lakini usiuze shamba wala kuacha kazi wakati wa kampeni. Ngoja hofu itulie, ndipo uamue.

Sikiliza habari mara moja au mbili kwa siku, si kitandani. Punguza kahawa na pombe. Vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi. Dawa za shinikizo la damu usiziache, na uweke akiba nyumbani; Januari 2008 barabara nyingi zilifungwa. Wasiwasi ukizidi majuma mawili, mwone daktari. Nayo maumivu ya kifua usiyasingizie siasa: nenda hospitali mara moja.