Mchanga Uliosimama Wima

Kwa karibu miaka mia mbili, wageni waliopanda hadi jabali la Bastei walikwenda moja kwa moja kwenye ncha yake, wakashika ukingo wa chuma na kutazama chini. Mita 194 chini ya miguu yao mto Elbe unajikunja, na ng'ambo yake vimetapakaa vilima vyenye vichwa bapa kama meza. Mwaka 2016 ncha hiyo ilifungwa. Mwamba uliobeba sehemu ya kutazamia ulikuwa umelainika kwa ndani, na haikuwa salama tena kuwaruhusu watu kusimama juu yake. Jukwaa jipya lilifunguliwa mwanzoni mwa 2023. Limeshikizwa nyuma, penye mwamba imara, kisha likanyooshwa hewani kupita juu ya ncha ya zamani bila kuielemea. Anayesimama pale leo haukanyagi tena mwamba aliofuata kuuona.

Nadhani hakuna maelezo bora ya eneo hili kuliko jukwaa hilo. Majabali yanayowavuta watu kutoka kila pembe ya dunia ni mchanga ulioshikamana, na mchanga ulioshikamana huweza kuachana.

Eneo lenyewe liko kusini-mashariki mwa jiji la Dresden, katika jimbo la Sachsen, nchini Ujerumani, likipakana na Ucheki. Jina lake la kijiolojia ni Elbsandsteingebirge, yaani milima ya mawe ya mchanga ya Elbe. Watu wengi huiita Uswisi ya Sachsen, jina lililotokana na wachoraji wawili wa Uswisi, Adrian Zingg na Anton Graff, waliokwenda kufanya kazi Dresden mwaka 1766 na kuona huku mandhari ya kuwakumbusha kwao. Treni ya kutoka Dresden hufuata ukingo wa mto hadi kituo cha Rathen, na hapo abiria huvuka kwa pantoni isiyotumia injini. Imefungwa kwa kamba ndefu ya chuma iliyotiwa nanga mbali juu mtoni; nahodha huigeuza kidogo ikae mshazari, na mkondo wa maji wenyewe huisukuma hadi ng'ambo. Maji yanayovusha wageni ndiyo yaliyochonga bonde wanalokuja kulitazama.

Miaka milioni 100 hivi iliyopita, enzi za dinosaria, hapa palikuwa na bahari ya kina kifupi. Mito iliyotoka nchi kavu za jirani ilimwaga mchanga humo, tabaka juu ya tabaka, kwa mamilioni ya miaka, hadi mahali pengine rundo likafikia unene wa mita 600 hivi. Uzito wa tabaka za juu ulizibana zile za chini, na maji yaliyopenya kati ya chembe yakaacha madini yaliyofanya kazi ya gundi. Makombe ya wanyama wa bahari bado yanapatikana ndani ya mawe haya, mbali kabisa na pwani yoyote.

Kisha bahari ikajitoa, na ardhi ikaanza kusukumwa. Upande wa kaskazini, bamba kubwa la graniti lilipandishwa juu ya mchanga kando ya ufa mrefu. Karibu na mji mdogo wa Hohnstein, graniti yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500 imelala juu ya jiwe la mchanga lenye umri wa miaka milioni 90 hivi: babu amekaa juu ya mjukuu. Msukumo huo uliupasua mchanga kwa nyufa za wima zinazokatana, na nyufa hizo zilipokutana na mistari ya matabaka iliyolala, mwamba wote ukagawanyika kama ukuta wa matofali makubwa. Elbe na vijito vyake vilipoanza kukata kwenda chini, vilifuata nyufa. Palipokuwa na nyufa chache pakabaki vilima bapa kama Lilienstein, chenye urefu wa mita 415 juu ya usawa wa bahari. Palipokuwa na nyufa nyingi pakabaki minara, nguzo na vichochoro ambavyo mtu mnene hupita kiubavuubavu.

Lakini kwa nini nguzo hizo zisimame? Mvua inanyesha, barafu inapasua, chumvi inakula. Maji yanayopenya mwambani hubeba chumvichumvi. Yakikauka usoni mwa jiwe, fuwele zinakua na kusukuma chembe za mchanga mpaka zinaanguka. Ndiyo maana kuta nyingi zimejaa vishimo kama sega la nyuki. Kwa hesabu hiyo, mnara mwembamba wa mchanga ungepaswa kuwa wa kwanza kwisha.

Jibu lililonivutia kuliko yote lilitoka kwa majirani, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2014 mwanajiolojia wa Ucheki Jiří Bruthans na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Geoscience majaribio waliyofanya kwa mchanga wa machimbo ya Střeleč. Mchanga huo hauna gundi ya kutajika; chembe zake zimeshikana kwa kuingiliana tu. Walikata vipande vya mchemraba, wakaviwekea uzito juu, kisha wakavitia majini. Kipande kisicho na mzigo wa kutosha kilianza kumomonyoka pembeni, chembe moja moja. Lakini kadiri kilivyokonda, ndivyo mzigo uleule ulivyoelemea eneo dogo zaidi, na chembe zilizobaki zikabanana zaidi, mpaka kufikia kiwango ambapo mmomonyoko ulikoma. Kilichobaki kilikuwa nguzo, na nguzo hiyo ilijiendesha kama jiwe gumu. Vipande vilivyokuwa na nyufa au mistari ya matabaka vilitoa matao na mapango madogo.

Kwa maneno mengine, mzigo ndio unaolinda. Maji huondoa kile ambacho hakijabeba kitu, na umbo tunalolistaajabia ni ramani ya njia ambazo uzito umepita kwenda ardhini. Kuhstall, tao kubwa la mwamba lenye urefu wa mita 11 hivi, upande wa mashariki wa bonde, linasomeka vizuri zaidi mtu akijua hili: mgongo wake na miguu yake vimebaki kwa sababu vinafanya kazi.

Wachimba mawe wa Elbe waliufahamu uzito huo kwa njia ngumu zaidi. Waliuchimba ukuta wa genge kwa chini, wakauegemeza kwa magogo, kisha wakayaondoa magogo ili genge lote liporomoke kwa mzigo wake. Sehemu kubwa ya Dresden ilijengwa kwa mawe hayo, pamoja na kanisa la Frauenkirche lililoanguka Februari 1945 baada ya mashambulizi ya mabomu na kuzinduliwa upya mwaka 2005. Makovu meupe ya machimbo bado yanaonekana kati ya Wehlen na Rathen.

Chini makorongoni kuna jambo jingine la kushangaza. Hewa baridi ni nzito, hivyo hutuama humo kama maji kisimani, na jua la kuifukuza halifiki. Misprusi, miti inayopenda baridi ya milimani, huota chini kabisa, na misonobari inayovumilia joto na ukame husimama juu ya vichwa vya majabali. Mpangilio wa kawaida wa mlima umegeuzwa juu chini. Tangu Septemba 1990, muda mfupi kabla ya Ujerumani Mashariki kukoma kuwa nchi, takriban kilomita za mraba 93 za eneo hili ni hifadhi ya taifa.

Kisa cha Barbarine ndicho kinachonigusa zaidi. Ni nguzo ya karibu mita 43, imesimama peke yake kando ya kilima cha Pfaffenstein. Hadithi ya wenyeji inasema ni msichana aliyetumwa kanisani akaenda kuchuma matunda ya porini, mama yake akamlaani akageuka jiwe. Mwaka 1905 Rudolf Fehrmann na rafiki yake Mmarekani, Oliver Perry-Smith, walifika kileleni. Wapandaji wengine waliwafuata kwa miaka sabini, hadi mwaka 1975 kuipanda kulipopigwa marufuku kwa sababu kichwa cha nguzo kilikuwa kikichakaa. Wataalamu wamekitibu kwa dawa za kugandisha mchanga.

Wapandaji wa huku walikuwa wamejiwekea sheria kali mapema, na Fehrmann alikuwa miongoni mwa walioziandika. Vyuma vya kubana kwenye nyufa haviruhusiwi, kwa kuwa vinavunja kingo. Hutumika kamba zilizofungwa mafundo. Unga mweupe wa kukausha viganja haukubaliwi. Na jiwe likiwa limelowa, hakuna kupanda, kwani maji hudhoofisha mshikamano wa chembe, na shikio lililobeba watu elfu siku za jua linaweza kung'oka mkononi baada ya mvua.

Sheria hii ya mwisho ningependa kila mgeni aibebe, hata asiye na nia ya kugusa kamba. Ukijaliwa kufika Bastei au Kuhstall, fuata njia zilizowekwa alama, usikwaruze jina lako ukutani, usipande nguzo ili kupata picha nzuri zaidi. Na mvua ikiwa imenyesha usiku, tazama kwa mbali na uyaache majabali yakauke.