Mtoto wa ughaibuni akikosa jua

Mama anayehamia Uingereza akitokea Tanga au Mombasa huambiwa mengi kuhusu makoti na soksi nzito. Kuhusu jua haambiwi.

Huku nyumbani nani analihesabu jua? Mtoto huogeshwa, hupakwa mafuta, huwekwa barazani asubuhi, na mwili wake hujitengenezea vitamini D. Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua huwa hafifu mno kwa kazi hiyo, hata siku ambayo anga ni jeupe. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Mtoto akiikosa vitamini hiyo mifupa hulainika, miguu hupinda, ndiyo matege.

Wataalamu wa afya wa huko hushauri mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apewe mikrogramu 10 kila siku. Anayenyonya hupewa matone ya mikrogramu 8.5 hadi 10 tangu kuzaliwa, kwa sababu maziwa ya mama, pamoja na sifa zake zote, hayana vitamini D ya kutosha. Anayekunywa zaidi ya nusu lita ya maziwa ya kopo kwa siku hahitaji matone, imo tayari. Bibi akipiga simu na kuuliza mtoto mzima wa afya anapewa dawa ya nini, mweleze taratibu.

Ila usizidishe kipimo. Na mtoto akichelewa kutembea, au akilia kila akisimamishwa, mpeleke kwa daktari wa hukohuko. Usingoje likizo ili aje aote jua kwa bibi.