Thika: Mji wa mito miwili na kilio cha ardhi

MJI wa Thika, ulio yapata kilomita 45 kaskazini mashariki mwa Nairobi, hutajwa sana kwa sababu ya mananasi. Hata hivyo, jina la mtaa wake mmoja, Landless, hueleza mengi kuliko tunda hilo. Maana yake ni wasio na ardhi, nao mtaa wenyewe uko upande wa barabara ya kuelekea Garissa, katika eneo linalosifika kwa mashamba makubwa.

Mito Thika na Chania, ambayo huteremka kutoka milima ya Nyandarua, hukutana papo hapo mjini, kila mmoja ukiwa na maporomoko yake. Katikati imesimama hoteli ya Blue Posts, iliyofunguliwa mwaka wa 1908. Baada ya kuungana, maji hayo huenda kumwagika katika mto Tana. Wageni hudhani maporomoko ya Fourteen Falls, karibu na Kilimambogo, ni ya mto huo huo. La hasha. Hayo ni ya mto Athi, ambao hufuata njia yake hadi Bahari ya Hindi kwa jina la Sabaki.

Kuhusu asili ya jina Thika, wapo wazee wanaolihusisha na neno la Kikuyu lenye maana ya kuzika, wakisimulia habari za njaa na vita vya kale.

Reli kutoka Nairobi ilifika mwaka wa 1913. Walowezi walikuwa wamekwisha kuanza kupanda kahawa na mkonge, na sheria ya ardhi ya mwaka wa 1915 ikawawezesha kukodishiwa mashamba kwa miaka 999. Mwafrika alibaki kibarua au maskwota. Kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, kilichochapishwa mwaka wa 1959, kiliusifu mji huu ulimwenguni, ingawa ni kumbukumbu za mtoto wa mlowezi. Kibarua hana nafasi kubwa ya kusema humo.

Thika ulitangazwa kuwa mji mwaka wa 1924. Viwanda vya nguo, ngozi na vyakula vilipoongezeka, ukafananishwa na Birmingham ya Uingereza. Katika miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa na mitumba kufurika, viwanda vya nguo viliyumba na wafanyakazi wengi wakapoteza ajira.

Barabara kuu iliyokamilika mwaka wa 2012 iliurudishia mji uhai na kupandisha bei ya ploti. Huko Landless kwenyewe, majumba ya kupangisha sasa yamechukua nafasi, na aliye na ploti leo huitwa tajiri katika mtaa wa wasio na ardhi.

Maji nayo yana kisa chake. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994 kwenye mto Thika huko Murang'a, hupeleka sehemu kubwa ya maji yake Nairobi.