Je, Wajua? Shahada Inayofundisha Kumenya Kiazi kwa Mkono Mmoja

Je, wajua kwamba kuna shahada ya chuo kikuu ambayo mwanafunzi wake anaweza kushinda asubuhi akikariri mishipa ya fahamu ya mkono, na mchana akahangaika na kisu na kiazi? Inaitwa tiba kwa vitendo. Huko Makete, mkoani Njombe, ambako kiazi mviringo ni chakula na ndicho kinacholipa ada ya shule, hilo si jambo la kuchekwa. Mama akipigwa na kiharusi na upande mmoja ukalegea, daktari atashughulika na presha yake, na mtu wa fiziotherapia atamsimamisha na kumfundisha kutembea tena. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo anakuja na swali lake: mama, ukirudi nyumbani ungependa kufanya nini? Akijibu kwamba anataka kupika mwenyewe, matibabu yanaanzia hapo.

Dawa yenyewe ni ubao mdogo uliopigiliwa misumari miwili isiyoshika kutu, ncha zikitazama juu. Kiazi kinachomekwa kwenye ncha hizo, kinatulia, na mkono mzima unamenya. Chini ya ubao kinatandikwa kitambaa kilicholowa maji ili usiteleze mezani. Fundi yeyote wa Makambako anaweza kuutengeneza akisubiri chai ipoe. Kinachosomewa miaka mitatu au minne ni kujua ubao huo unamfaa nani, lini apewe, na lini anyimwe kwa sababu mkono uliolegea bado una nafasi ya kurudi na unahitaji kulazimishwa kufanya kazi.

Je, wajua kwamba kuvaa sweta kuna utaratibu wake? Uwanda wa Kitulo, hukohuko Makete, uko mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari. Watalii wanaujua kwa maua. Umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, una aina 45 za okidi, na watu huuita Bustani ya Mungu. Wenyeji wanaujua kwa baridi, maana usiku wa Juni na Julai barafu hulala juu ya majani, na asiyeweza kuvaa sweta peke yake hawezi kutoka nje. Basi utaratibu ni huu: mkono uliolegea ndio unaotangulia kuingia, na wakati wa kuvua ndio unaotoka mwisho. Jaribu kinyume chake ukiwa umeuacha mkono mmoja ukining'inia, utaelewa kwa nini jambo dogo kama hilo linafundishwa darasani.

Somo hilo linatokana na kazi ambayo mwanafunzi hupewa mapema sana, kulivunja tendo moja vipande vipande. Chukua kukamua ng'ombe, kazi ya kila siku kwa majirani wa shamba la mifugo la Kitulo. Kwanza kuchuchumaa au kukaa kwenye kigoda bila kuanguka. Kisha kidole gumba na cha shahada vibane chuchu juu ili maziwa yasirudi, halafu vidole vingine vifuate kimoja baada ya kingine kwenda chini. Mkono wa pili ufanye hivyohivyo kwa zamu. Jicho liwe kwenye ndoo, sikio kwenye mguu wa nyuma wa ng'ombe. Na moyo usipaniki ukipigwa teke. Kila kipande kina msuli wake, mshipa wake na sehemu yake ya ubongo, na mgonjwa anaweza kukwama kwenye kipande kimoja tu.

Nchini Tanzania, njia ya fani hii kwa miaka mingi ilikuwa stashahada ya hospitali ya KCMC, Moshi. Sasa shahada ya kwanza nayo inatolewa, na chuo kikuu cha afya cha MUHAS, Dar es Salaam, ni miongoni mwa majina anayopaswa kuyajua mwenye Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita. Kwa kijana wa Njombe, kote ni mbali. Kutoka Makambako hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600 za lami, na Moshi ni mbali zaidi. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa masomo, likichelewa hakuna kukimbilia nyumbani kuchukua gunia la viazi.

Hata hivyo safari hiyo ina mafunzo yake njiani. Basi likifika Iringa, limefika mji wa Neema Crafts. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, Mwingereza Susie Hart akianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi. Malighafi? Kinyesi cha tembo, ambacho kimejaa nyuzinyuzi za majani na magome. Baadaye zikaja kazi za kufuma, shanga na ushonaji, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi, kiasi kwamba anayesikia ndiye anayelazimika kujifunza ishara za kuagiza kahawa. Watoto wenye ulemavu walipata huduma ya tiba hapohapo. Nionavyo mimi, mwanafunzi wa fani hii akikaa pale asubuhi moja atarudi na maswali ambayo mhadhara hauwezi kumpa.

Ukishika njia ya Chalinze kuelekea Moshi, unapita Korogwe. Juu yake, kwenye milima ya Usambara, kuna Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo hapo mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 kikageuka hospitali ya wagonjwa wa akili, ya mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki. Tangu zamani wagonjwa wa Lutindi wamekuwa wakilima, wakitunza chai na kufanya kazi za mikono kama sehemu ya matibabu. Tusiipambe sana historia hiyo. Katika zama za ukoloni mstari kati ya kumtibu mtu kwa kazi na kumtumikisha ulikuwa mwembamba, na mpaka leo mwanafunzi wa fani hii hana budi kujiuliza kazi hii inamfaa nani, mgonjwa au taasisi.

Je, wajua kwamba mmoja wa waasisi wa taaluma hii alikuwa mgonjwa, tena msanifu majengo? George Edward Barton wa Marekani aliugua kifua kikuu, akakatwa vidole vya mguu kwa sababu ya baridi kali, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Alijitibu kwa useremala na bustani. Machi 1917, nyumbani kwake Clifton Springs, jimbo la New York, watu sita waliunda chama cha kwanza cha taaluma hiyo. Mmoja wao alikuwa karani wa Barton, Isabel Newton, ambaye hatimaye akawa mkewe. Shirikisho la dunia la taaluma hiyo lilifuata mwaka 1952, na ndilo linalotaka kila mwanafunzi amalize walau saa 1,000 za mazoezi kwa wagonjwa halisi. Kwa siku ya kazi ya saa nane, hizo ni siku 125.

Baadhi ya saa hizo mwanafunzi huzitumia kwenye wodi ya majeraha ya moto, na hapo mtu wa nyanda za baridi atakuwa na la kuchangia. Nyumba yenye jiko la mkaa ndani na watoto wanaolizunguka ni hatari inayojulikana. Mtoto aliyeungua kiganja hukikunja kwa sababu akikikunja hakimuumi sana. Kosa linaanzia hapo, maana ngozi ikipona inajivuta, na mkono uliopona ukiwa umekunjwa hubaki umekunjwa. Kwa hiyo mtaalamu huufunga kwenye splinti ukiwa umenyooka, mtoto akilia na mama akimtazama kwa hasira. Lazima amweleze mama mapema, tena kwa lugha ya nyumbani, Kikinga au Kibena, ikibidi.

Je, wajua kwamba kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo kinaweza kutengenezwa kwa maboksi ya dukani? Mwalimu Bevill Packer wa Zimbabwe aliikuza mbinu hiyo. Tabaka za kadibodi na magazeti ya zamani hubandikwa kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji, kisha hukaushwa mpaka ziwe ngumu kama mbao. Adui yake ni maji, kwa hiyo Njombe wakati wa masika hicho kiti kipakwe rangi vizuri au kisitoke ndani.

Kwa anayehitaji kutoka nje kuna kiti mwendo cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa limesogezwa mbali ili kisipinduke kwenye makorongo. Mafundi wa viti mwendo wamekuwa wakifundishwa katika chuo cha TATCOT, jirani kabisa na wanafunzi wa tiba kwa vitendo pale KCMC.

La mwisho ni la hesabu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na walau asilimia 3 wenye ulemavu. Asilimia 3 ya watu 20 ni sehemu sita za kumi za mtu mmoja. Mwenye kiwanda cha mbao Makambako akiuliza atampata wapi huyo mtu na atamweka kwenye mashine ipi, mwenye kujibu nusu ya pili ya swali hilo ni yule aliyesomea kuvunja kazi vipande vipande.